Kopo la Mama Mkwe

9 Juni, Jumatatu

Siku ya nne leo sijapata choo. Ya nne! Nimekaa chooni dakika arobaini na simu mkononi, nimemaliza bando, sijamaliza kazi. Baridi ya Juni inapita chini ya mlango. Domina, mke wangu, akagonga na kuuliza kama nimefia humo. Nikajibu natafakari.

Alasiri zahanati, kikundi cha tumbo. Nesi Rosemary kaeleza tena habari za bakteria. Anasema ndani ya utumbo wa kila mmoja wetu wamo viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, wengi kuliko watu wa dunia nzima, na wengi wao ni wema. Ni vibarua. Ukiwapa maharage, mboga za majani, dona na matunda, wanachapa kazi, choo kinalainika, tumbo linatulia. Ukiwapa chipsi na soda asubuhi mpaka jioni, wanasusa. Alipofika kwenye chipsi akaniangalia mimi. Kwa nini mimi? Tulikuwa watu kumi na tisa!

Halafu likaja jambo kubwa. Ijumaa, vipimo vikitoka, atachaguliwa Balozi wa Tumbo wa mtaa wetu. Fulana ya kijani, kofia, na atasimama mbele ya mkutano wa kata kuwaeleza watu siri ya tumbo lake. Majidi, fundi cherehani, jirani yangu, akakohoa na kujiweka sawa kwenye kiti. Yeye Myao wa Namtumbo, mimi Mngoni, tunataniana tangu alipohamia Lizaboni, mtaa wetu hapa Songea. Lakini hili si la utani. Anajisifu kwamba anakata gogo kila siku saa kumi na mbili na robo kamili asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe.

Fulana ni yangu. Nimeapa.

Alhamisi kila mtu apeleke kopo lenye choo chake. Lebo za majina nachapa mimi, kwa sababu nina steshenari. Bure. Nesi kasema huo ndio mchango wangu kwa jamii.

10 Juni, Jumanne

Mpango huu hapa. Wenzangu wamekula vizuri mwezi mzima. Mimi nitakula mwezi mzima leo. Hesabu rahisi.

Asubuhi: bakuli mbili za maharage ya jana. Saa nne: papai zima. Mchana: dona, mlenda, maharage tena. Alasiri: togwa lita mbili, ya Mama Aurelia.

Mama Aurelia ni mama mzazi wa Domina. Alikuja kutoka kijijini kwake Mpitimbi wiki tatu zilizopita. Domina kamleta mjini apumzike, maana siku hizi anachoka upesi. Uzee, tunasema. Naye kaandikishwa kikundini. Huyu mama hajawahi kuonja chipsi maishani mwake! Dona, mbaazi, togwa, na mboga za majani ambazo kwake zote huitwa likolo. Hao vibarua wema tumboni mwake wananenepa tu.

Na togwa yake ya ulezi, jamani! Ina kauchachu kadogo tu, ulimi unachezacheza. Nampenda huyu mama. Alipozaliwa Saimon wetu alitoka kwao na ndoo ya unga wa ulezi, gari likaharibika njiani, akajitwika ndoo akatembea safari iliyobaki. Akakaa nasi miezi minne. Na katika miaka yote hiyo mimi na yeye hatujawahi kukaa benchi moja. Mkwe ni mkwe. Akipita napisha, akiongea nainamisha macho. Ndivyo tulivyolelewa.

Saa kumi tumbo likaanza kuongea peke yake.

Saa kumi na moja, sala ya jumuiya kwa mzee Mathias. Rozari. Tendo la tatu, tumbo langu likaitikia kabla ya watu. Tendo la nne likaitikia kwa sauti ambayo haikutokea tumboni. Nikamwangalia kwa ukali mtoto wa mwenyeji. Watu wote wakaniangalia mimi. Katekista akainuka, akafungua dirisha. Baridi yote ya Songea ikaingia, na watu wakaona afadhali baridi.

Nesi Rosemary naye ni wa jumuiya yetu. Akaninong'oneza nje kwamba vyakula vyenye nyuzinyuzi vinaongezwa kidogo kidogo na maji ya kutosha, kwamba bakteria wasiozoea wakifanyiwa karamu ghafla wanatoa gesi. Sasa si angesema jana? Domina anasema alisema jana. Labda. Nilikuwa nawaza fulana.

Choo: bado.

12 Juni, Alhamisi

Asubuhi kimekuja. Vipande vitatu vigumu, kama vya mbuzi. Ndicho cha kumpelekea Nesi hicho? Nikachungulia nje, nikamwona Majidi anapita na kopo lake ndani ya mfuko wa zawadi. Mfuko wa zawadi, wenye utepe! Roho iliniuma.

Kwenye benchi nyuma ya jiko palikuwa na makopo mawili. Langu, na la Mama Aurelia likiwa limefunikwa kipande cha khanga kwa ajili ya staha. Domina alikuwa ndani anavaa. Na mimi mfukoni nilikuwa na lebo mbili za akiba. Sijui ziliingiaje mfukoni. Sawa, najua.

Nikavaa mifuko ya mkate mikononi. Nikafumba macho, maana ni kopo la mkwe na heshima ni heshima. Nikabandika BEDA kwenye lake, AURELIA kwenye langu. Nikarudisha khanga. Sekunde ishirini hazikufika.

Mama akatoka. Nikapisha njia, nikasema shikamoo Mama. Marahaba baba, akajibu, umeamkaje. Hapo nilijisikia vibaya. Kidogo. Kisha nikaikumbuka fulana nikapona.

13 Juni, Ijumaa

Nimekwisha.

Nesi alikuwa anaita mmoja mmoja. Majidi katoka anachekelea. Nikaingia mimi, nikaambiwa nikae. Akasema choo changu kwa kukiangalia tu ni kizuri sana, kinaonyesha mtu anayekula mboga. Nikaanza kutoa shukrani. Akanyoosha kiganja ninyamaze. Akasema kwenye hadubini kumeonekana mayai ya minyoo ya safura, tena mengi. Minyoo hiyo inaingilia ngozi ya miguu ukitembea peku shambani, inakwenda kujishikiza utumboni, inakunywa damu. Akanivuta kope ya chini kuangalia damu yangu, akashangaa, mbona nyekundu? Nikamwambia labda mimi naitumia kwa uangalifu. Akanipa kidonge cha minyoo na pakiti ya vidonge vya kuongeza damu. Alitaka nimeze pale pale. Nikasema sijala.

Wakaingia Domina na mama yake. Nikatoka, nikajibanza dirishani kwa nje. Nesi akamwambia Mama hana minyoo, ila tumbo limefunga, aongeze mboga za majani, aache soda na vya kukaanga. Nikamsikia Mama anauliza kwa upole: mboga zipi tena, mwanangu, wakati nimebakiza kula uzio wa jirani?

Fulana kapewa Majidi. Kaivaa hapo hapo, juu ya shati.

14 Juni, Jumamosi

Mama Aurelia kaukasirikia mwili wake mwenyewe. Kaacha hata mbaazi. Anakula majani matupu, mchicha, matembele, majani ya maboga, hataki mafuta wala chumvi. Anasema kama tumbo limemgeuka uzeeni, atalinyoosha.

Saa tano alikuwa anapepeta mahindi uani. Akasimama. Akashika nguzo. Akakaa chini polepole na ungo mapajani. Domina akamkimbilia, akasema ni jua tu. Jua gani Songea mwezi wa sita?

Nimeviona viganja vyake leo. Miaka ishirini na mbili sijawahi kumwangalia mkwe wangu viganja. Vyeupe kama unga. Huo si uzee. Ni safura inamnywa damu, na dawa yake iko kwenye mfuko wa shati langu. Nimeogopa. Naandika wazi: nimeogopa sana.

Nimwambie? Nianze na neno gani? Mama, choo chako... Hapana! Ulimi utanikatika. Mimi mbele ya mkwe hata kupiga chafya naomba radhi.

Ipo njia nyingine.

15 Juni, Jumapili

Nimetoka Misa nikiwa na mpango safi. Kidonge nimekisaga kwa kitako cha chupa ya gundi, nimekitia kwenye kikombe cha Mama cha bati, nimejaza togwa, nimekoroga. Domina akampelekea uani, hajui kitu. Mimi dirishani, natazama.

Nani huyo anaingia? Balozi! Fulana, kofia, daftari kwapani. Anapita nyumba kwa nyumba kutoa elimu. Na Mama Aurelia kalelewa vizuri, hanywi kabla ya mgeni. Akamkabidhi Majidi kikombe chake kwa mikono miwili.

Nikapiga kelele kutoka dirishani kwamba Majidi asinywe, dini yake inakataza! Majidi akasema togwa si pombe, wallahi anainywa tangu utotoni. Akainywa yote. Akafuta midomo. Akasema ina ladha ya chokaa kwa mbali, bila shaka ndio hao bakteria wema.

Kidonge kilikuwa kimoja.

16 Juni, Jumatatu

Majidi anatangaza mtaani kwamba tangu jana anajisikia kijana. Mtu anatibiwa bila kuumwa!

Nimekwenda duka la dawa kununua kidonge kingine. Dada wa pale akauliza cha nani, ana umri gani, anajisikiaje. Nikaeleza bila kutaja majina. Akafunga kabati. Akasema mzee anayeona kizunguzungu na viganja vimekuwa vyeupe hapewi dawa kwa kuvizia. Apelekwe zahanati apimwe damu, tena upesi. Akaniuliza huyo mzee ni nani kwangu. Nikasema ni mama yangu. Lilinitoka hivyo hivyo.

Nimerudi nyumbani nikakuta Mama kafunga mzigo. Jumatano anarudi Mpitimbi. Anasema kule angalau hakuna wa kumwambia ale mboga. Kule ana shamba, na analima peku, na yuko peke yake. Akianguka nani atamwona?

Lazima aambiwe. Sasa, kwa mila yetu, mkwe ukimkosea huendi mwenyewe. Unatuma mtu, na mtu haendi mikono mitupu. Jogoo ninaye mmoja. Mtu asiye na haya ninayemjua ni mmoja pia. Nimekwenda kwake nimemmwagia yote.

Majidi alicheka mpaka akaegemea cherehani. Kisha akaacha ghafla, akauliza mama anaendeleaje. Nikamwambia. Akasema lahaula, akakunja kitambaa alichokuwa anashona. Halafu akataja masharti yake: nimchapie bango la rangi, na kwa mwezi mzima nimwite Mheshimiwa Balozi mbele za watu. Nikasema sawa, Mheshimiwa. Neno hilo lilikuwa gumu kutoka kuliko choo cha ile siku ya nne.

Habari za kidonge sikumwambia. Mtu ana furaha zake, umharibie ya nini?

17 Juni, Jumanne

Mheshimiwa alifika saa nne. Kanzu safi, fulana ya kijani juu ya kanzu, jogoo kwapani. Mama kaketi kwenye benchi la uani. Domina yuko jikoni anapika. Mimi nyuma ya ukuta wa jiko, nimebana pumzi.

Majidi akitumwa haanzi karibu. Akaanza na baridi ya mwaka huu. Akaja kwenye mavuno. Akasema nyumba ni watu. Akasema mpweke hana wa kumtegea sikio. Akasema yuko mtu mmoja, mtu mzima, mwenye heshima zake, ambaye moyo wake umebeba jambo zito juu ya Mama, ila anaona haya kulisema kwa kinywa chake. Hapo akamweka jogoo chini, miguuni pa Mama.

Mama Aurelia akavuta khanga akajifunika kichwa vizuri. Akasema huu ni mwaka wa kumi na moja tangu afiwe na mumewe. Akasema meno nayo yamebaki ya kuhesabu. Kisha akauliza, huyo mtu ana ng'ombe wangapi?

Mungu wangu! Kadhani anaposwa!

Badala ya kukanusha, Majidi akajibu swali. Akasema ng'ombe hana, ila ana mashine ya kutoa kopi.

Domina akatoka jikoni na mwiko unaodondosha ugali. Akauliza ni mwanamume gani hapa Lizaboni mwenye mashine ya kutoa kopi na moyo mzito juu ya mama yake, maana yeye anamjua mmoja tu.

Nikatoka. Sikupanga, miguu ilitoka yenyewe. Nikasimama mbele ya mkwe wangu, macho chini, nikasema kwa sauti iliyofika barabarani: "Mama, kile choo cha mbuzi ni changu! Chako ndicho chenye safura! Nilibadilisha lebo!"

Jogoo akakimbilia chini ya benchi.

Wahenga walisema ukivuliwa nguo, chutama. Nikachutama kweli, pale pale mchangani. Nikasema mwili wake hauna kosa lolote, mkosaji ni mimi, na yote ni kwa ajili ya fulana. Nikasema viganja vyake vinanitisha. Nikasema sitaki afe. Na hapo nikalia. Mwanamume wa miaka arobaini na tisa, mbele ya fundi cherehani!

"Baba Saimon," Mama akasema, "kwa hiyo siku nne hizi nimekula majani kwa ajili ya tumbo lako?"

Nikasema ndiyo, Mama.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka khanga ikamvuka kichwani, akapaliwa, Majidi akampepea kwa kofia ya Ubalozi. Alipotulia akafuta machozi. Akasema Ijumaa ile alipotoka kwa Nesi aliona aibu, alidhani amezeeka mpaka tumbo limesahau kazi yake, ndiyo maana alitaka kwenda zake kimya kimya. Kisha akapiga benchi kwa kiganja, upande wake. Akaniambia nije nikae. Akasema mtu aliyekwisha kubeba kopo lake, wanaoneana haya ya nini tena?

Nimekaa. Tako moja tu, tena ukingoni, lakini nimekaa.

Domina hakucheka. Kaurudisha mzigo wa mama yake ndani. Mchana kaniletea sahani ya mlenda bila ugali.

18 Juni, Jumatano

Zahanati sote. Nesi Rosemary kampima Mama damu, ikakutwa chini sana. Alisema angekwenda kulima akiwa hivyo, lolote lingeweza kutokea. Aliposema hivyo hakunitazama, na ilikuwa mbaya kuliko angenitazama. Mama kameza dawa pale pale, kapewa vidonge vya damu, kaambiwa arudi baada ya wiki mbili, na asikanyage shamba bila viatu.

Mimi nikasimamishwa mbele ya kikundi kizima nieleze lebo ni nini na kazi yake ni nini. Nikaeleza. Watu wakapiga makofi, Majidi kwa muda mrefu kuliko wote.

Wakati wa kurudi nikapitia dukani nikamnunulia Mama raba nyekundu. Kazivaa njiani. Nyumbani kakataa kuzivua, kala nazo. Domina alimwangalia mama yake, akaniangalia mimi, akaniambia neno la kwanza tangu jana: "Kunywa maji."

4 Julai, Ijumaa

Siku njema! Mama Aurelia karudia vipimo leo. Mayai ya safura hayapo. Damu inapanda. Asubuhi kamfukuza jogoo uani mizunguko mitatu, kamkamata mwenyewe, jogoo ndiye aliyechoka. Jumapili anarudi Mpitimbi na raba zake. Nimefurahi mpaka nimemkumbatia Majidi bila kukumbuka kumwita Mheshimiwa.

Zamu yangu ikafika. Nesi kasema tumbo langu halitatengenezwa kwa dawa bali kwa sahani. Kanipa fomu: siku ishirini na moja, kuanzia leo. Kila siku niandike nimekula nini, nimekunywa maji kiasi gani, choo kimekuwaje, na shahidi atie sahihi. Kasisitiza uaminifu. Kalirudia neno mara tatu.

Nikamwambia kwa moyo wangu wote kwamba nimejifunza. Na ni kweli! Sitabadilisha lebo tena maishani. Lebo ni uhai wa mtu. Nitawafundisha hata wajukuu.

Fomu haina lebo.

Nimekaa steshenari mchana huu nimeijaza yote. Kalamu tatu tofauti, ili ionekane ya siku nyingi. Kona moja nimeidondoshea mchuzi. Shahidi ni Majidi, kasaini mistari yote ishirini na moja, nami nikamsainia ya kwake. Kumbe na Balozi kapewa fomu! Nimemwuliza kulikoni, kasema nisiingilie mambo ya Ubalozi.

Mama Aurelia akapita, akauliza naandika nini kwa bidii hivyo. Nikasema kazi za ofisi, Mama. Akanibariki, akasema andika vizuri, baba. Nilijisikia vibaya. Kidogo. Nikasogeza gazeti lifunike sambusa.

Mstari ninaoupenda ni wa mwisho, Alhamisi tarehe 24 Julai. Dona, matembele, maharage kikombe kimoja, parachichi nusu, maji glasi nane. Choo laini, asubuhi mapema, bila shida yoyote. Nilijisikia vizuri sana siku ile.